Kwashakoo si Unyafuzi

Fungua baadhi ya kamusi zetu utafute unyafuzi: utaambiwa ni maradhi ya watoto waliokosa protini, yale yanayovimbisha miguu na uso. Kisha fungua vitabu vya sayansi wanavyosomea watoto wa shule za msingi Tanzania: humo unyafuzi ni wa mtoto aliyekauka akabaki mifupa na ngozi, na yule aliyevimba ana kwashakoo. Neno moja limepachikwa hali mbili zinazopingana kwa sura, na kila upande una muhuri wa watu waliokabidhiwa kazi ya kutuwekea istilahi. Msimamo wangu ni kwamba vitabu vya shule vimepatia na kamusi hizo zimekosea, na kwamba kwashakoo, neno ambalo wasafishaji wa lugha wamelikunjia uso miaka mingi, ndilo linalostahili kubaki.

Tuanze na asili, maana hapo ndipo wapinzani wanapoteleza. Wao hulikataa kwa madai kwamba ni la Kizungu. Si la Kizungu hata kidogo. Ni neno la Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akitibu watoto katika Gold Coast, Ghana ya leo, alizieleza dalili za maradhi hayo kwa maandishi mwaka 1933, na mwaka 1935, katika jarida la Lancet, akayaita kwa jina la wenyeji wenyewe, kwashiorkor: maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mwenzake anapozaliwa. Wapo mabingwa wa Uingereza waliomjibu kwamba hiyo ni pelagra tu. Huku kwetu Afrika Mashariki, daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, naye aliyahesabu kwanza kuwa pelagra ya watoto, akajaribu na majina mengine ya kujitungia, hadi mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walipotoa kitabu kizima chenye jina lile lile la Kiga. Waganda walikuwa na lao, obwosi, nalo pia lilimhusisha mtoto mgonjwa na mimba inayofuata. Kwa hiyo anayelitupa kwashakoo kwa kisingizio cha kuulinda Uafrika wa Kiswahili anatupa mojawapo ya majina machache ya maradhi ambayo madaktari wa dunia nzima waliyapokea kutoka Afrika, kisha mahali pake anaweka neno la kamati.

Kuna hoja nyingine, ya sikio, nayo hurudiwa kwa uzito usioistahili: eti msikilizaji akisikia koo atadhani mtoto anaumwa koromeo. Kiswahili kina koo la shingoni, kina koo za jamaa na nasaba, na kuku jike anayetaga huitwa koo vilevile; sijui ni nani aliyewahi kumpeleka kuku huyo kwa daktari wa tonsili. Matamshi yamefuata njia ya kawaida ya lugha yetu, ya kufungua silabi na kuiacha r ya mwisho idondoke, na neno likaingia vinywani mwa walimu na wauguzi bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Unyafuzi sitaki lifutwe; nataka lirudi kwao. Likifuatwa hadi kwenye kitenzi nyafua, kunyofoa kwa meno kama afanyavyo mnyama, picha inayokuja ni ya mwili ulioliwa nyama: mapaja membamba, mbavu zinazohesabika, ngozi ya makalio iliyolegea na kujikunja, uso wa kizee kwa mtoto wa mwaka mmoja. Hiyo ni marasmus, ambayo Wagiriki nao waliitoa kwenye kunyauka. Mtoto wa kwashakoo hakunyofolewa kitu kwa macho ya mtazamaji. Amejaa maji, mashavu yamefura, nywele zimekuwa nyepesi na rangi imepauka, ngozi inabambuka kama rangi ya ukutani. Mtazamaji asiyejua humwona amenenepa. Tena ziko hali ambazo mtoto huwa na yote mawili: uainishaji wa Wellcome wa mwaka 1970 ulimweka kundi la tatu mtoto aliyevimba huku uzito wake ukiwa chini ya asilimia 60 ya ule wa umri wake. Kwa kufuata kamusi zetu na vitabu vyetu kwa pamoja, huyo tungemwita mgonjwa wa unyafuzi wenye unyafuzi.

Wako wanaouliza kwa nini tusitumie la kwetu kabisa, kubemendwa. Neno hilo ni hai na lina nguvu, ila ni hukumu: linasema wazazi walirudiana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, na mama anayeogopa kuhukumiwa humficha mtoto ndani. Tena hutupiwa kila mtoto aliyedumaa, hata mwenye kifua kikuu. Kuhusu utapiamlo, hilo ni jina la ukoo mzima. Ndani yake wamo kiseyeye, matege na rovu, na siku hizi hata unene uliopindukia. Na waliopendekeza jina la kufafanua, lenye protini ndani yake, wajue kwamba sayansi iliwakimbia zamani. Mwaka 1974 Donald McLaren aliishambulia hadharani, katika Lancet ile ile, imani kwamba tatizo kubwa la lishe duniani ni protini, na leo mtoto aliyevimba akilazwa huanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75 yenye protini kidogo, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuhimili nyingi siku za mwanzo. Kwashakoo halidai kujua chanzo. Hata chanzo kikiandikwa upya kesho, neno litabaki sahihi, wakati fasili ya kamusi itakuwa inaomba radhi.

Matumizi hayana mengi. Kwashakoo liwe ngeli ya I-/ZI- kama malaria, unyafuzi libaki ngeli ya U-, na wa kundi la tatu aitwe mwenye unyafuzi na kwashakoo. Tofauti hiyo ina kazi hata kliniki: mpimaji hubonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba sekunde 3. Vishimo vikibaki kwenye miguu yote, mtoto ahesabiwe mwenye utapiamlo mkali hata kama utepe wa mkono umesoma zaidi ya milimita 115. Bango linaloandika unyafuzi chini ya picha ya mtoto aliyekonda, kisha likaishia hapo, halimwambii mama wa mtoto aliyefura mashavu kwamba naye anaitwa kliniki.