Alama za chini LSAT: Kabla ya kurudia mtihani, jua kwanza ulikokosea

Mtu amesoma miezi mitatu, kila siku baada ya kazi. Siku ya matokeo anafungua simu na kukuta 146, wakati alikuwa anatafuta 155. Wengi wanaopata matokeo ya namna hiyo hujiandikisha kurudia mtihani wiki hiyohiyo. Hapo ndipo wanapokosea mara ya pili.

LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, hauruhusu kubahatisha bila kikomo. Mtu anaweza kuufanya mara 5 tu ndani ya miaka mitano, na mara 7 katika maisha yake yote.

LSAT ni mtihani gani?

Marekani sheria haisomwi kama shahada ya kwanza, tofauti na Tanzania, Kenya au Uganda. Mwanafunzi humaliza kwanza chuo, kwa fani yoyote, ndipo anaomba nafasi ya kusomea JD, shahada ya sheria ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu.

Mtihani huo unasimamiwa na taasisi ya LSAC na ulianza kufanyika mwaka 1948. Alama zake huanzia 120 hadi 180, na mtahiniwa wa katikati hupata 150 na kidogo. Hauulizi chochote kuhusu sheria. Unapima namna mtu anavyosoma na anavyochambua hoja.

Tangu Agosti 2024, sehemu ya michezo ya mantiki imeondolewa. Zimebaki sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. Kuna ya nne isiyohesabiwa, ya kujaribia maswali mapya, ila mtahiniwa haambiwi ni ipi. Insha hufanywa kando. Haipewi alama, lakini shule huletewa.

Kwa hiyo anayenunua vitabu vya mitumba aangalie mwaka. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kumpotezea wiki nzima kwenye maswali ambayo hayatoki tena.

Kwa nini alama chache zina uzito?

Shule huangalia LSAT pamoja na wastani wa alama za chuo. Namba hizo mbili ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa nani anapata nafasi, na nani anapunguziwa karo. Shule nyingi binafsi hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Kwa kijana wa familia ya wahamiaji, alama chache zinaweza kuwa tofauti kati ya kusoma kwa ufadhili na kubeba deni la miaka mingi.

Kasi au uelewa?

Kabla ya kuongeza saa za kusoma, mtahiniwa anatakiwa ajue tatizo lake ni lipi. Kuna kipimo rahisi:

1. Fanya sehemu moja kwa dakika 35. Weka alama kwenye kila swali ambalo huna uhakika nalo.
2. Bila kuangalia majibu, rudia maswali hayo taratibu, bila saa.
3. Sasa sahihisha mara mbili: majibu ya kwanza na ya pili.

Kama majibu ya pili yamepanda sana, uelewa upo, tatizo ni kasi. Kama hayakupanda, tatizo ni namna ya kusoma hoja, na kukimbizana na saa hakutasaidia kitu kwa sasa.

Makosa yanayojirudia

Chukua hoja hii: mwenye daladala anasema, tangu dereva mpya aanze kazi mapato yamepanda, kwa hiyo dereva huyo ni hodari. Inasikika vizuri, lakini huenda nauli ilipanda mwezi huohuo, au basi la mpinzani liliharibika. Jambo moja kutokea baada ya jingine hakuthibitishi kwamba la kwanza ndilo chanzo. Maswali ya namna hii hayakosi.

Jingine: kila mwenye leseni amefaulu mtihani wa udereva, na Asha amefaulu. Je, Asha ana leseni? Si lazima. Huenda hajaenda kuichukua. Kugeuza sharti kichwa chini namna hiyo kunawaangusha wengi.

Anayefikiri kwa Kiswahili ana mtego wake. Mtu akisikia "baadhi ya wanafunzi", mara nyingi anaelewa kwamba si wote. Kwenye LSAT neno "some" maana yake ni angalau mmoja, na inawezekana wakawa wote. Maneno madogo kama hayo yafaa yaandikwe pembeni na kukaririwa kwa maana yake ya mtihani.

Daftari la makosa

Kufanya mitihani kumi ya majaribio bila kuisahihisha kwa makini ni kurudia kosa moja mara kumi. Kwa kila swali ulilokosa, andika mambo matatu: kwa nini jibu baya lilikuvutia, kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na nini utafanya tofauti ukikutana na swali kama hilo. Baada ya wiki mbili hivi, daftari litaonyesha aina mbili au tatu za makosa zinazobeba sehemu kubwa ya alama zilizopotea. Anza na hizo.

Upande wa kasi, maswali 25 kwa dakika 35 ni kama sekunde 84 kwa swali. Swali likikugomea, liruke na ulirudie baadaye. Na usiache hata moja wazi, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama.

Vifaa na ada

LSAC ina jukwaa linaloitwa LawHub, ambapo akaunti ya bure inatoa mitihani rasmi kadhaa ya zamani. Mwenye kipato kidogo anaweza pia kuomba kusamehewa ada, na ni vyema aombe mapema, kabla hajalipa.

Lini urudie?

Shule huona alama zako zote za miaka mitano, ingawa nyingi huipa uzito ile ya juu. Dalili nzuri ni hii: mitihani mitatu au minne mfululizo ya majaribio, kwa muda halisi, imefikia alama unayoitaka. Kama umeifikia mara moja tu, hiyo huenda ni bahati.

Si kila mtu anauhitaji

Mwenye shahada ya sheria kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Makerere anayetaka kusoma LLM Marekani kwa kawaida haombwi LSAT. Mara nyingi huombwa mtihani wa Kiingereza. Na kwa wanaotaka JD, shule nyingi sasa zinakubali pia GRE.

Kwa anayebaki na LSAT, haraka haraka haina baraka. Tarehe ya kurudia ipangwe kwa kuangalia daftari: makosa ya zamani yakiacha kujirudia, ndipo ulipe ada.