Mimi Ndiye Niliyemdanganyia Binamu Yangu Umri

Kabla mtu hajanisema, wacha nijiseme mwenyewe. Mwaka 2020, nikiwa kwa mjomba Kishushe, nilimfungulia binamu yangu akaunti ya Facebook. Alikuwa na miaka 11. Pale kwa mwaka wa kuzaliwa nikaweka 2001, nikabonyeza, tukacheka. Hata dakika tano hazikuisha.

Hizo dakika tano zina historia ndefu, wasee.

Tuanze na ile namba 13 ambayo mitandao hupenda kuuliza. Mimi nilidhani kuna daktari mahali alikaa akapima akili za watoto. Zii! Inatoka kwa sheria ya Marekani ya 1998, iitwayo COPPA, iliyozuia kampuni za mtandaoni kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Kumtafuta mzazi ni kazi na gharama. Rahisi ni kuandika "lazima uwe na miaka 13" na kuamini chochote utakachojaza. Facebook ilipofungulia umma milango Septemba 2006, ilikuja na hiyo 13. Hapa Kenya mtoto kisheria ni yeyote chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla data ya mtoto kutumiwa. Mjomba hajawahi kuombwa ruhusa na mtu yeyote. Niliyemruka ni mimi.

Wazazi wetu nao simu waliipokea kupitia mlango mwingine kabisa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa mzee mwenye mulika mwizi, simu ilikuwa pesa, salamu na tochi. Intaneti ilikuwa kitu cha kushukia Voi: unaingia saiba, unalipa kwa dakika, na mwenye saiba anapita nyuma yako akiona kila kitu. Kisha 2009 nyaya za baharini, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zikafika Mombasa, na data ikaanza kushuka bei. Karibu 2011 ikaja Ideos, simu ya kugusa ya chini ya shilingi 10,000. Skrini ikaingia mfukoni ikapanda hadi Kishushe. Mwenye saiba akabaki Voi.

Sheria ilikuwa wapi? Njiani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilitiwa saini Mei 2018, na kabla mwezi kuisha Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26, kikiwemo kile cha picha za ngono za watoto. (Wanablogu walikuwa na sababu nzuri za kuishtaki, hiyo ni mada ya siku nyingine.) Vifungu vilirudi Februari 2020. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na watoto wengi wakapewa simu za wazazi ili wasome. Hesabu hiyo miezi.

Binamu yangu alitafutwa na "msichana wa kidato cha pili, Mombasa." Kwanza maswali ya shule. Halafu kredo ya bob 50. Halafu picha ya kawaida, akatuma. Halafu picha ya aina nyingine, na vitisho alipokataa. Na kwa kuwa nilimfanya mtu wa miaka 19, akaunti ilimhesabu mtu mzima. Hata kinga kidogo ambazo huwekewa walio chini ya miaka 18, nilimnyima mimi.

Alinyamaza wiki kadhaa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kaka, ningesema, baba angechukua simu." Na kweli, mjomba alipojua aliifungia kabatini.

Kishushe inapakana na Tsavo. Ndovu akiingia shambani, wa kwanza kumwona anapiga kelele na majirani wanatoka na tochi na mabati. Hakuna anayemuuliza mtoto alikuwa anamtazama ndovu kwa nini.

Utafiti wa Disrupting Harm, uliotolewa 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulikuta asilimia 7 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti wamepitia unyanyasaji mkubwa wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Waliopigia polisi au laini ya msaada walikuwa kiduchu sana. Ile laini ni 116, ni ya bure, na mjomba hakuwa anaijua. Tangu 2022, Sheria ya Watoto inataja waziwazi unyanyasaji wa mtandaoni. Hiyo pia hakuwa anaijua.

Kwa hivyo Desemba nilipanda kwa mjomba. Nilimwomba msamaha kwanza, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Tukafuta ile akaunti ya 2001. Nikamwonyesha jinsi ya kupiga skrinshoti kabla ya kufuta chochote, maana ujumbe ndio ushahidi. Nikamwomba amwambie kijana, mimi nikisikia, kwamba akileta neno simu haitachukuliwa. Alisita, kisha akasema. Halafu akauliza, "Na hii ya kumzuia mtu iko wapi?" Nikamwonyesha, akajaribu kwa namba yangu.

Ilichukua siku mbili kukumbuka kunifungulia.