Keki si Uzungu, na Mwokaji Si Mama wa Bure

Kuna sentensi moja nimeisikia sana hapa Kona ya Musa, kwa wazee wa baraza na hata kwa vijana wenzangu wanaojifanya walinzi wa mila: ati keki ni uzungu. Ati zamani watu walikula halwa na mahamri, wakasherehekea kistaarabu, halafu juzi juzi ndo tukaanza kupuliza mishumaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijidai profesa. Lakini hii mada naijua kutoka jikoni. Mama anaoka, dada yangu anapamba, mimi napiga video na kupeleka oda. Na kadiri ninavyosoma ndivyo naona hiyo sentensi haina mashiko.

Hebu tuanze na mkate wa kumimina, ule wengine wanaita mkate wa sinia. Mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke, halafu unamiminwa kwa sufuria iliyopakwa mafuta. Sasa ufundi wenyewe uko hapa: moto chini, mfuniko juu, na juu ya mfuniko makaa. Hiyo ni nini kama si oveni? Haina nyaya wala kioo cha kuchungulia, lakini kazi ni ile ile, joto lije pande zote mbili. Bibi yangu alijua moto umetosha kwa kusogeza kiganja karibu na mfuniko na kuhesabu kimoyomoyo. Mimi na simu yangu ya kamera tatu siwezi.

Kisha kuna mkate wa mayai. Huu hauna hamira, na wa asili hauna hata bekin pauda. Mayai na sukari vinapigwa mpaka mkono uchoke, upumzike, uchoke tena, mchanganyiko uwe mweupe na mzito, ndo unga uingie taratibu pamoja na iliki. Kinachouinua ni hewa tu iliyonaswa ndani ya mayai. Wareno wana keki ya namna hiyo hiyo, pão de ló. Wajapani wana kasutera, waliyoipata kwa Wareno waliofika kwao 1543. Na Wareno hao hao walikuwa Mombasa, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593, wakatimuliwa na Waomani 1698, wakatuachia maneno kama meza, leso, mvinyo na bendera. Kwa hivyo ufundi wa kupiga mayai uko Lisbon, uko Nagasaki, uko Mombasa na Zanzibar. Nifumbe macho, unipe kipande cha kila mahali, na iliki ndo itanionyesha cha nyumbani.

Sasa tusidanganyane, kuna vitu vilikuja na meli. Bekin pauda ni ya Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, 1843. Mke wake alikuwa na mzio wa hamira, na wa mayai pia, kwa hivyo jamaa alitengeneza unga wa kastadi usio na mayai 1837, halafu baadaye akatafuta kitu cha kuumua mkate bila hamira. Yaani kile kijiko kimoja kila mtu anatia leo bila kufikiria kilianza kwa mume anayetaka mkewe ale vizuri. Hapo kwa kweli nampa heshima zake.

Keki nyeupe ya harusi nayo ilipata umaarufu na harusi ya Malkia Victoria, 1840. Ile keki yake ilikuwa na uzito wa kilo mia na zaidi, imefunikwa sukari nyeupe ngumu, na mpaka leo Waingereza wanaiita hiyo sukari ya kifalme. Weupe ulikuwa ni kujionyesha: sukari iliyosafishwa sana ilikuwa ghali, na ukiimwaga juu ya keki nzima unawaambia wageni mfuko wako haujatoboka. Hizi keki za ghorofa tunazobeba kwa roho mkononi zilikuja baadaye, ndani ya familia hiyo hiyo. Na nikipita Gazi kupeleka oda Msambweni huwa nakumbuka kwamba serikali ya malkia huyo huyo ndiyo iliyopigana na Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi 1895 na 1896, mpaka akavuka mpaka kukimbilia upande wa Wajerumani. Halafu leo mjukuu wa Gazi ananiagiza keki ya ghorofa tatu, nyeupe pe, ya harusi. Historia ina vituko.

Ngano pia ina hadithi yake. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, walowezi wakapanda bara, na mmoja wao, Lord Delamere, akahangaika na ngano kule Njoro mpaka akaanzisha kampuni ya Unga mwaka 1908. Kabla ya hapo jiko la Pwani lilitegemea sana mchele. Unga wa ngano wa pakiti, margarini ya kopo, sukari ya kilo: hivyo ndivyo vilivyoifanya keki ya kizungu iwezekane kwenye nyumba ya mtu wa kawaida.

Ila hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, manake hapa ndipo pesa zetu zilipopotelea.

Wakati wa mkoloni, wapishi kwenye nyumba za wazungu na mahotelini walikuwa wengi wao wanaume. Walijifunza kuoka, wakalipwa mshahara, mdogo ndio, lakini mshahara. Kuoka kwao kulikuwa kazi. Wanawake wakafundishwa kwa njia nyingine. 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilisaidia kuanzisha Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikafundisha kushona, kulea watoto, usafi na mapishi. Debe la mafuta ya taa likageuzwa oveni. Mombasa nako, miaka hiyo ya 1950, wanawake wa Kiislamu walianzisha vyama vyao, na kabla ya hapo walikuwa na vikundi vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Kwa hivyo ufundi ulisambaa, na ni jambo zuri. Lakini angalia ulivyosambazwa: kama adabu ya mke mwema. Mwanamume akioka ni mpishi, mwanamke akioka ametulia kwake.

Huo ndo mzizi wa hii "punguza kidogo, si unaoka tu nyumbani." Nimeisikia mara ngapi! Mtu huyo huyo akienda hoteli ya ufuoni analipa kipande kimoja bila kupepesa jicho. Akija kwetu anahesabu: unga bei fulani, mayai bei fulani, basi keki isizidi hapo. Gesi haioni. Saa sita za dada yangu kusimama haoni. Ile safari ya boda boda, mimi nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga, dereva naye anatafuta kila shimo la barabara, hiyo pia haipo kwenye hesabu yake.

Na Kwale ya watu wote isingefaa kusahau thamani ya sukari. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari tangu enzi za mkoloni, mashamba ya miwa yakatanda upande wa Msambweni, watu wakajenga maisha juu yake. Kikafa 1988. Miaka ikapita, KISCOL wakaja kukifufua, kiwanda kipya kikaanza kusaga katikati ya miaka ya 2010, na kesi za ardhi na wakazi zikafuatana nacho. Kile kijiko cha sukari kwenye krimu kimewahi kuajiri, kufuta na kuhamisha watu wa hapa hapa. Halafu uniambie keki si historia ya kwetu.

Watalii nao. Hoteli za Diani zimewafunza wapishi wetu wengi kuoka, na kila zinapofunga milango, ule ujuzi unarudi nyumbani bila sare. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, vurugu zikaenea, watalii wakakimbia, na ufuo mzima ukakosa kazi. Nilikuwa sijazaliwa, lakini kwa Pwani huwezi kukua bila kuisikia. Ya pili naikumbuka mwenyewe. Machi 2020 korona ikaingia Kenya, tarehe 8 Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale ukazuiwa, hoteli zikawa kimya, na Juni ndo Kwale tukafunguliwa. Harusi zikawa za watu wachache, akika za familia tu. Lakini keki haikuacha kukatwa! Kama wageni hawaruhusiwi, basi angalau meza iwe na kitu. Mama alianza kuuza kipindi hicho, na si yeye pekee. Kuna nyumba kadhaa hapa zilizolipa karo kwa keki mwaka ule, na hakuna aliyeandika popote.

Kuhusu mapambo nina la kusema, na dada yangu ataniua. Zile keki za kufunikwa fondanti, zikatengenezwa mkoba au gari, mimi sizipendi. Zinaliwa na macho, mdomo unapata plastiki tamu. Lakini krimu ya kuminya kwa koni, hapo Pwani hatujifunzi kwa mtu. Muulize mwokaji yeyote wa kike wa hapa mkono wake ulitulia wapi. Atakwambia kwenye hina. Koni ya karatasi, ncha ndogo, unaminya bila kutetemeka huku bibi harusi anacheka na kusogeza mguu. Ua lile lile la piko linapanda kutoka kiganjani mpaka kwenye keki. Dada yangu hakusomea popote. Alipaka hina kila msimu wa Idd tangu akiwa darasa la sita.

Rangi nayo, tunanunua vichupa kutoka dukani wakati wakulima wa Kwale wanalima mrangi miaka nenda miaka rudi. Ile bixa ya Kikoneni na Shimba Hills, mbegu nyekundu zinazochafua vidole, ndiyo inayotoa rangi ya njano na machungwa inayotiwa kwenye siagi, jibini na peremende duniani. Kwenye pakiti huandikwa E160b. Tumejaribu kuchemsha mbegu kwenye mafuta, tukachuja, tukatia tone kwenye krimu. Ilitoka rangi ya jua la Diani saa kumi na mbili jioni, na bei yake sitaki hata kuitaja.

Na vanila ndo inaniuma zaidi. Mmea ulitoka Meksiko, ukaletwa visiwa vya Bahari ya Hindi, ukakataa kuzaa. Aliyegundua namna ya kuuchavusha kwa mkono, 1841, kule Réunion, alikuwa Edmond Albius, mtumwa, miaka 12 tu. Vanila ya Madagascar na Komoro inachavushwa kwa mbinu yake mpaka leo. Watu walitajirika, yeye akafa maskini.

Ndo maana siku hizi nikipiga video ya keki naweka jina la aliyeoka kabla ya jina la anayesherehekea, akikubali. Wateja wengine wamenuna, wakasema sherehe ni yao. Bei pia nimeanza kuiandika wazi, na saa za kazi chini yake. Wiki hii naenda kurekodi nyanya mmoja wa Gazi anayepalia mkate wa kumimina kwa makaa ya vifuu vya nazi. Kasema nije Alhamisi, nisichelewe, na nisije mikono mitupu: kilo mbili za mchele, iliki, na malipo yake ya siku.