Kanuni za mahusiano ya askari na wenyeji

Kanuni za mahusiano ya askari na wenyeji ni masharti yanayomzuia askari, au kumwekea mipaka, asiingie kwenye mapenzi na watu wa mahali alikotumwa. Wapenzi wa filamu za anga za juu wanazijua. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1999 cha tamthilia ya Star Trek: Voyager, afisa kijana Harry Kim anakaripiwa kwa kulala na mwanamke wa jamii ngeni bila idhini ya nahodha na daktari wa chombo.

Kwa msomaji wa Tanzania, mfano halisi hauko mbali hivyo: uko mashariki mwa Kongo, ambako askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wamehudumu chini ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliwapiga marufuku watumishi wa umoja huo kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, na kudhani kuwa ni mtu mzima si utetezi. Kutoa fedha, kazi au chakula ili kupata ngono nako ni marufuku. Mapenzi na mtu mzima anayetegemea msaada yanapingwa vikali tu, na hapo ndipo wengi hujifichia.

Mwaka uliofuata, uchunguzi mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, ulibaini kwamba walinda amani walikuwa wakilala na wasichana wadogo kwa dola moja hadi tatu, au kwa chakula, hata mayai. Kanuni ilikuwepo, lakini njaa ya kambi ya wakimbizi wa ndani ilikuwa na nguvu zaidi. Mwaka 2005 MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo wakati huo, ikakaza kamba: mahusiano na wenyeji yakakatazwa, saa za kutotoka kambini zikawekwa, na baa kadhaa zikawa haziruhusiwi.

Mwaka 2016 tuhuma ziliwafikia askari wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, zikiwemo za kuzaa na wasichana wa huko. Walikuwa katika brigedi ya mapigano ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Mwaka huohuo wa 2016 Azimio 2272 la Baraza la Usalama liliruhusu kikosi kizima kurudishwa kwao.

Udhaifu mkubwa wa kanuni hizi uko kwenye adhabu. Umoja wa Mataifa unaweza kumrudisha askari nyumbani, lakini kumshtaki kwa jinai ni kazi ya nchi yake pekee. Kwa hiyo mtuhumiwa anaweza kushtakiwa Tanzania, ilhali shahidi yuko Beni.