Mtawala Ndani ya Fremu, Mpaka Nje Yake: Filamu Rise and Fall of Idi Amin na Historia ya Busia na Malaba

Utangulizi

Filamu Rise and Fall of Idi Amin ilitolewa mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Kampala kutwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Ilielekezwa na Sharad Patel, ikapigwa nchini Kenya kwa fedha chache mno zikilinganishwa na zinazotumiwa Hollywood, na mhusika wake mkuu akaigizwa na Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, ambaye umbo lake lilikaribiana mno na la Amin. Miaka kumi baadaye Olita huyohuyo aliitwa tena kumwigiza Amin katika Mississippi Masala ya Mira Nair.

Ni rahisi kuiweka kando filamu hii kwa kuihesabu kuwa kazi ya kusisimua damu. Hata hivyo, ni miongoni mwa kazi za mwanzo za kubuni zilizojaribu kuusimulia utawala huo kwa jumla, tangu mapinduzi ya 1971 hadi kushindwa katika vita vya Kagera, na ilitengenezwa katika nchi jirani wakati ambapo majeraha yalikuwa bado mabichi. Makala haya yanaichunguza kwa kuilinganisha na mambo matatu: filamu ya Kifaransa ya mwaka 1974 ambayo Amin mwenyewe alishiriki kuipanga, tamthilia The Floods ya John Ruganda, na historia ya miji ya mpakani, Busia na Malaba, upande wa Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba filamu ya 1981, ijapokuwa ilikusudia kumlaani mtawala, iliendelea kumpa kile alichokipenda kuliko vyote, yaani nafasi ya katikati ya picha. Na kwa kufanya hivyo iliwaacha nje ya fremu watu walioubeba utawala wake, na vilevile waliofaidika nao.

Mtawala kama mwelekezi

Majivuno ya Amin yanajulikana. Mwaka 1975 alijipandisha cheo akawa Fildimashali. Mwaka 1976 akatangazwa kuwa rais wa maisha. Na baada ya Uingereza kuvunja uhusiano wa kibalozi naye mwaka huo huo, akajitwalia lakabu ya mshindi wa dola ya Uingereza. Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba majivuno haya yalihitaji kamera.

Barbet Schroeder alipokwenda Uganda kuitengeneza filamu Général Idi Amin Dada, iliyotoka mwaka 1974, alimkuta mtawala aliye tayari kuwa mwelekezi. Amin alipanga matukio ya kupigwa picha, yakiwamo mazoezi ya kivita ya kuiteka milima ya Golan kwa askari wachache na helikopta, na akapiga kodiani kwa ajili ya muziki wa filamu. Schroeder aliikiri hali hii kwa kuiita kazi hiyo taswira ya mtu aliyejichora mwenyewe. Katika onyesho moja la mkutano wa baraza la mawaziri, Amin anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje; muda mfupi baadaye maiti ya waziri huyo, Michael Ondoga, ilionekana katika Mto Naili. Ndani ya fremu mna karipio. Kifo kiko nje yake.

Amin hakuridhika na filamu ilipokamilika. Aliwakusanya Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda na kuwafanya dhamana mpaka Schroeder alipokubali kuondoa sehemu alizozikataa, ambazo zilirudishwa baada ya utawala wake kuanguka. Tukio hili lina uzito kwa mhakiki. Linaonyesha kwamba kwa mtawala wa aina hii, uwezo wa kuamua kitakachoonekana na kitakachofichwa ni sehemu ya uwezo wa kutawala.

Mwili wa dhalimu

Filamu ya Patel ilitengenezwa wakati Amin hawezi tena kumwamuru yeyote. Ilikuwa huru kumwonyesha ipendavyo, na ikachagua kumwonyesha kama mwili wenye uchu. Amin wa Olita hucheka, hutamani, hufoka na kuua. Kilele cha usawiri huo ni vichwa vya binadamu vilivyohifadhiwa jokofuni na mtawala anayeonja nyama ya mtu. Uvumi uliokuwa umezagaa umegeuzwa kuwa ushahidi wa macho.

Kwa upande wa fani, huyu ni mhusika bapa. Haingii katika mgogoro wowote wa nafsi, wala habadiliki. Anachofanya ni kuzidi. Muundo wa masimulizi nao unaitii methali isemayo mpanda ngazi hushuka: mtu anapanda, anafanya maovu, anaporomoka, na mtazamaji anatoka ametulia moyo. Tatizo la muundo huu si kwamba ni wa uongo, kwa kuwa Amin alipanda kweli na akashuka kweli. Tatizo ni kwamba hauulizi ngazi ilishikwa na nani. Serikali ya Uingereza iliitambua serikali ya Amin upesi baada ya mapinduzi ya Januari 1971, na majirani wakaendelea kufanya naye biashara. Dhuluma ikishafanywa kuwa tabia ya mwili mmoja, kila mwili mwingine unatakasika.

Kuna onyo la kihistoria ndani ya filamu yenyewe. Denis Hills, mwandishi Mwingereza aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa sababu ya kumwita Amin dhalimu wa kijijini katika mswada wa kitabu chake, kisha akaachiliwa, anaigiza nafsi yake mwenyewe katika filamu hii. Kwake yeye mipaka ya maigizo na maisha inavunjika, na mtazamaji analazimika kukumbuka kwamba yanayoonyeshwa yalimpata mtu aliye hai. Lakini aliyepewa heshima hiyo ni mgeni ambaye kisa chake kilijulikana London. Hakuna mchuuzi wa chumvi wala mkimbizi wa Tororo aliyepewa nafasi ya kuigiza nafsi yake.

Mpaka unavyosimulia

Ni hapa ambapo Busia na Malaba zinaingia katika uchambuzi. Busia ni mji uliokatwa na mpaka, nusu yake Kenya na nusu yake Uganda. Malaba ndiko reli kutoka Mombasa inakovuka kuelekea Tororo na Kampala. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na kwao mpaka ulikuwa mstari uliopita katikati ya jamaa. Ulikuwa pia mstari mchanga: hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea mpaka Naivasha, kisha ukahamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Amin aliishika hoja hiyo Februari 1976 alipodai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Maandamano ya kumpinga yalifanyika sehemu nyingi za nchi, na serikali ya Kenyatta ikakataa katakata kuachia ardhi yoyote.

Julai ya mwaka huo, baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Amin aliishutumu Kenya kwa kuwasaidia. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi, na Kenya ikabana njia ya mafuta na bidhaa mpaka maafikiano yalipotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Agosti. Katika filamu, Entebbe ni mapigano ya usiku mmoja. Mpakani ilikuwa majuma ya malori yaliyosimama na ya watu wasiojua kama jamaa zao wa ng'ambo wangali hai.

Historia ya miji hii katika miaka ya sabini inaweza kuelezwa kwa yale yaliyopita na yale yaliyokosekana. Mwaka 1972 walipita Wahindi waliofukuzwa. Baadhi yao walisafirishwa kwa garimoshi kutoka Kampala kupitia Malaba hadi Mombasa kupanda meli, na Kenya iliwaruhusu kupita tu, si kubaki. Walifuata wakimbizi wengine: walimu, wanafunzi, makasisi, maofisa waliotoroka usiku. Upande wa pili sukari, chumvi na sabuni ziliadimika, na vitu hivyo vikawa vinavushwa kutoka Kenya kwa baiskeli na kwa kichwa. Jina la bodaboda, ambalo leo ni la Afrika Mashariki nzima, lilitokana na waendesha baiskeli wa mpaka huu waliowabeba abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine.

Lugha nayo iliweka kumbukumbu. Nchini Uganda matajiri wapya waliorithi maduka ya Wahindi waliitwa mafuta mingi. Kosa la upatanisho wa kisarufi katika jina hilo si la bahati mbaya. Ni alama ya Kiswahili cha kambini, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 na ambacho raia wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari mwenye bunduki. Filamu ya Patel inazungumza Kiingereza, kwa kuwa ilikusudiwa soko la ng'ambo. Kwa hiyo haina nafasi ya kuuliza swali linalomhusu moja kwa moja msomi wa Kiswahili: ilikuwaje lugha iliyokuwa ya ukombozi Tanzania ikawa, maili chache kutoka Busia, lugha ya kuamuriwa kulala kifudifudi?

Neno la pili ni magendo. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na serikali yake, tena kwa fedha isiyonunua kitu, na kahawa yake ikaanza kuvuka mpaka kwa wingi katika miaka ya 1976 na 1977. Soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon kaskazini mwa Malaba, likawa maarufu kwa biashara hiyo. Waliovusha walihatarisha maisha yao kwa risasi za askari; waliopokea upande wa Kenya, baadhi yao, walitajirika. Huu ndio ukweli usioweza kuingia katika filamu ya zimwi mla watu. Mpaka ulikuwa kimbilio la waliodhulumiwa, na papo hapo ulikuwa ghala la waliofaidika na dhuluma hiyo.

Dhalimu asiyeonekana

Kwamba njia nyingine ya kusawiri ilikuwako inathibitishwa na The Floods, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya filamu. Ruganda alikuwa Mganda aliyeihama nchi yake akawa anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika tamthilia hiyo serikali inatangaza gharika na kuwaamuru watu wa kisiwani kuhama. Gharika yenyewe ni hila ya kuwapeleka kwenye mauti. Wanaobaki jukwaani ni Bwogo, mkuu wa idara ya upelelezi. Nankya, mwanamke msomi. Na Kyeyune, mvuvi mzee. Mtawala, anayeitwa Boss, hatokei kamwe.

Uamuzi huu wa kifani una maana kubwa kuliko ujanja wa jukwaa. Kwa kumnyima dhalimu mwili, Ruganda anamnyima pia haiba. Hadhira haipati kucheka naye wala kumstaajabia. Inabaki na watu waliokula naye, walionyamaza na walioumizwa, wakishtakiana katika kisiwa kilichobaki kitupu. Swali la nani aliishika ngazi, ambalo filamu haikuliuliza, ndilo mazungumzo yote ya The Floods. Na ndivyo mtawala alivyojulikana Malaba na Busia: hawakumwona; waliona duka tupu, kitanda kisicho na mwenyewe, na mgeni aliyebisha hodi usiku wa manane.

Kenya nyuma ya kamera

Lipo suala la mwisho, nalo linahusu nchi iliyoshika kamera. Kenya ya wakati huo iliweza kuwa uwanja wa kupigia filamu juu ya udhalimu wa jirani, lakini haikuvumilia sanaa iliyoikabili yenyewe. Kibali cha tamthilia Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩĩthũ kiliondolewa mwaka 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Machi 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa. Juni mwaka huo katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Na Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake Kilio cha Haki ilichapishwa mwaka uleule wa filamu ya Patel, akawekwa kizuizini.

Ulinganisho huu haukusudii kusema kwamba Nairobi ilikuwa sawa na Kampala. Wakimbizi waliovuka Malaba walijua tofauti hiyo kwa miguu yao. Unachobainisha ni kazi ambayo zimwi la jirani huweza kufanya: humpa mtazamaji faraja kwamba udhalimu una sura moja, una makazi yake, na mwisho wake umeshapatikana.

Hitimisho

Umaskini wa filamu ya Patel haukutokana na uchache wa fedha. The Floods ilihitaji jukwaa na waigizaji wachache tu, ikafika mbali zaidi. Katika Kiswahili, Said Ahmed Mohamed aliweza katika Kivuli Kinaishi, ya mwaka 1990, kumweka Bi Kirembwe jukwaani na bado akauelekeza uzito wa tamthilia kwa watu wa Giningi waliopumbazwa akili. Kinachopungua katika filamu ya 1981 ni mahali pa kusimama. Kamera ilisimama mbele ya mtawala, mahali palepale ambapo Amin aliipangia isimame mwaka 1974.

Tangu mwaka 2018 msafiri wa Busia anahudumiwa katika kituo kimoja kinachotumiwa na nchi zote mbili, na vijana waliozaliwa baada ya 1979 huvuka bila kujua kilichovuka kabla yao. Wanaomkumbuka Amin wengi wao humkumbuka kwa sura ya Olita. Kazi inayowasubiri waandishi wa eneo hili, wawe wa jukwaa au wa kamera, ni kuigeuza lenzi: kumwacha Fildimashali atoke nje ya picha, na kumwingiza yule mwenye baiskeli, na gunia la kahawa, na aliyelipokea.