Merikani: Nguo ya Tanga na ya Mwili

Ewe ndugu msomaji, usidhani habari za tanga ni za watu wa pwani peke yao. Baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833, nguo ya merikani iliingia Unguja kwa wingi. Manahodha waliishona matanga. Misafara ya Lindi na Mikindani iliipandisha Masasi na Newala, ikabadilishwa kwa pembe na mpira.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliipunguza, zikaja nguo za Uingereza na Bombay. Baadhi zilitiwa wanga zionekane nzito; nami naiita hiyo hadaa. Wakati wa maleleji tanga hutakiwa liwe jepesi, lakini la uzi ulioshikana. Lile la wanga likirowa hulegea, upepo ukapenya. Na mnunuzi wa Newala, ambako maji yalifuatwa bondeni, aliijua hadaa ile siku ya kwanza ya kufua.