Lubumbashi: Ndege wa Pilipili Mulongoy na somo la kuchora manyoya

Katika mwaka wa 1996, wataalamu walitangaza dinosauri mdogo aliyepatikana Liaoning, nchini China. Walimpa jina la Sinosauropteryx. Pembeni ya mifupa yake, jiwe lilikuwa limehifadhi alama za manyoya. Tangu siku hizo wachoraji wa viumbe vya zamani wana taabu moja: wakichora mjusi na kumbandikia manyoya juu, picha inaonekana ya uongo. Dawa ni kumtazama ndege aliye hai, maana ndege wametoka katika ukoo wa dinosauri. Hapa kwetu Lubumbashi, kazi hiyo ya kumtazama ndege mpaka picha ipumue ilianza miaka 50 kabla ya hapo.

Mwaka wa 1946, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji. Watu wanaijua mpaka leo kwa jina la Le Hangar. Sharti lake lilikuwa geni kwa shule za wakati ule: hakuna kunakili picha za Ulaya, hakuna mwalimu wa kumshika mwanafunzi mkono. Kila mmoja achore anachokijua cha porini, mtoni na kijijini, kwa njia yake mwenyewe.

Na kila mmoja alipata njia yake. Bela, aliyetoka upande wa Chadi, alichovya vidole katika rangi na kuchora bila burashi. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka wa 1914, akawa fundi wa ndege, samaki, mamba na nyoka.

Pilipili hakuwa mtu wa kunakili kiumbe kama picha ya kamera. Alijaza karatasi kwa nukta na alama ndogondogo, kwenye mwili wa mnyama na kwenye majani yaliyo nyuma yake pia. Kwa sababu mkono ni mmoja, ndege na majani vinakuwa vya dunia moja. Ndege haonekani kama amebandikwa. Anaonekana yuko nyumbani.

Kila mama aliyenyonyoa kuku anaelewa siri iliyobaki. Kuku bila manyoya ni kiumbe kingine: shingo ndefu, mapaja wazi, mwili mdogo. Manyoya yanalala upande mmoja, kutoka kichwani kuelekea mkiani, na yanaficha goti na sehemu kubwa ya shingo. Ya bawa yameshikamana na mifupa ya mkono mpaka kwenye kidole. Mchoraji wa dinosauri anayesahau hayo anachora kuku aliyenyonyolewa kisha akavishwa koti.

Lakini ukweli wote usemwe. Uhuru wa Le Hangar ulikuwa na mipaka yake. Mzungu mmoja ndiye aliyeamua ni kitu gani ni cha Afrika kweli. Wachoraji waliishi katika mji wa shaba, wenye bomba kubwa la moshi, reli na kambi za wafanyakazi, lakini kwa kawaida picha zao zilibaki porini. Maisha ya mji na siasa yalipata nafasi kubwa baadaye, katika uchoraji wa watu kama Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970. Basi ndege wa Pilipili alikuwa wa kweli, lakini dirisha alilochorewa lilifunguliwa upande mmoja tu.

Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954. Karakana iliingia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka wa 1951, na Mwenze na Pilipili wakafundisha huko. Mwenze aliaga dunia mwaka wa 1999, Pilipili mwaka wa 2007. Mwaka wa 2015, picha zao na za Bela zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye Fondation Cartier.

Kumbuka kwamba kijana wa Lubumbashi anayetaka kuchora kiumbe ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona hana haja ya kusafiri mbali. Aanze na kuku wa jirani: amtazame akitembea, akijikung'uta, akilalia mayai. Kisha ndipo achukue penseli.